Nilimwonea Kinyaa Mwanangu wa Kumzaa

Mliosoma toleo lililopita mnakumbuka mliponiacha: nimeketi kwenye mkeka chumbani kwa mama mkwe wangu, hapa Ihanja, mtoto analia, na mlango umekomelewa kwa ndani.

Kwa wanaonikuta leo nafupisha. Naitwa Agripina. Mume wangu Amosi anapakia mawe ya jasi kule Itigi. Nilipopata mimba ya mtoto wetu wa kwanza, Paskali, nililetwa kwa mama wa Amosi, mama Damari, nijifungulie kwake na kulelewa uzazi. Kuku nilichinjiwa, samli nilinyweshwa, maji ya moto nilikandwa mpaka ngozi ikawasha. Kitu kimoja tu hakikuja, nacho ni kumpenda mtoto.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilizaa, na nilichokijua ni kinyaa.

Sitapamba. Harufu ya maziwa yaliyochacha kwenye kanga ilinitapisha. Utosi wake ule laini unaopandapanda na kushuka ulinisisimua mwili vibaya. Alipopanua mdomo kutafuta ziwa, na ule utando mweupe ulimini, nilitamani kukimbia. Basi watu wakiwepo nilimweka kifuani nikajifunika kanga. Wakitoka nilimtoa, nikampa maji ya sukari kwa kijiko, na maziwa yangu nikayakamulia majivuni nyuma ya jiko.

Kisha nililia, nikajifuta haraka, maana mama Damari husema mzazi anayelia anaita mkosi.

Kliniki wakampima, uzito ukawa umeshuka. Nesi akaniuliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?" Nikafungua mdomo. Mama Damari akawahi kujibu, "Anakula vizuri, na choo anapata." Nikaufunga mdomo wangu. Njiani tukirudi ndipo alipotoa hukumu kwamba mtoto amebemendwa.

Kama neno hilo hulijui, una bahati. Maana yake mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, akarudi na jasho la mtu mwingine, akamshika mtoto, na mtoto akaanza kunyauka. Amosi yuko Itigi. Niliyebaki na mtoto ni mimi, kwa hiyo kesi yao ilikuwa nyepesi.

"Taja jina," mama Damari aliniambia siku ile ya mkeka na mlango uliokomelewa.

"Jina la nani, mama?"

"La huyo mwanaume."

"Hakuna mwanaume."

"Mtoto anakauka hivi, na hakuna mwanaume?"

Wifi yangu Luciana, dada yake Amosi, alikuwa ameketi ameegemea mlango, bakuli la samli mapajani. "Wifi, sema tu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hatutakupiga."

"Wifi, mshono haujapona, hata kukaa nakaa kwa upande mmoja. Mwanaume wa nini saa hizi?"

"Wapo wasiojali," akasema, akacheka. Mama mkwe naye akacheka. Niliyatazama meno yao nikaona vibaya kuwa ndani ya chumba kimoja nao.

Nikaamua kusema. Potelea mbali.

"Mama, nikwambie ukweli?"

"Ndio tunaoutaka."

"Mtoto namwonea kinyaa."

 Nikadhani limetoka, sasa watanisaidia au watanifukuza, na kwangu yote yalikuwa sawa. Mama Damari akamgeukia Luciana, uso umemkunjuka.

"Umesikia? Dalili yenyewe hiyo! Mwenye uchafu mwilini hawezi kumpenda malaika."

"Si hivyo, mama. Hata mimi mwenyewe najionea kinyaa. Chakula, mwili wangu, hii samli..."

"Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa imepoa na kuganda ukingoni mwa bakuli, ikateleza kooni kwa mabonge. 

Luciana akasogea karibu, sauti yake sasa ya kubembeleza. "Wifi, ukitaja, kazi inaisha leo. Mama atachemsha dawa. Na kunyonyesha ndiyo basi, ziwa la aliyebemenda ni sumu. Mtoto atapewa maziwa ya mbuzi."

"Umesemaje?"

"Maziwa ya mbuzi."

"Hapo kabla ya mbuzi."

"Kwamba hutanyonyesha. Hata kumpakata hutampakata mpaka aote meno."

Ndugu msomaji, nihukumu utakavyo. Mtu mwingine angelia. Mimi nilihisi mtu amenifungulia dirisha. Nikikubali uongo, mtoto atanywa maziwa ya mbuzi, atanenepa, ataishi, na mimi nitalala. Nitaitwa malaya Ihanja nzima, lakini malaya aliyelala usingizi.

Kilichopungua ni jina tu. Nikamkumbuka Mathayo wa mashine ya kukamua alizeti, mwimba kwaya, mtu wa watu, aliyenibebea dumu la mafuta mpaka mlangoni nilipokuwa na mimba kubwa. Mungu anirehemu, nilimchagua kwa sababu ndiye mwanaume pekee wa kijiji kile niliyemjua jina.

"Haya," nikasema. "Ni..."

Pikipiki ikazima nje. Mlango ukagongwa kwa nguvu, Luciana akaruka kuufungua. Yeye ndiye aliyekuwa amempigia kaka yake simu.

Amosi aliingia na vumbi lake, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri, mkeo ndiyo anataja."

"Asitaje. Hana cha kutaja." Akainamisha kichwa. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nina mwanamke Itigi. Siku ile nilipokuja kumwona mtoto nilitokea kwake. Nilishuka kwenye basi, nikampakata hata mikono sijanawa."

Nilingoja kofi. Nilingoja mama Damari, aliyekuwa tayari kunichambua mbele ya watu, amchambue na mwanawe. Badala yake alishusha pumzi, akatazama juu.

"Asante Mungu. Basi tumejua. Mwanaume ni mwanaume, cha muhimu mtoto apone."

Hivyo tu. Dakika ile ile uchafu uliokuwa wangu ukawa bahati mbaya ya Amosi. Nilichefuka kuliko nilivyochefuliwa na samli.

Kisha likaja pigo lenyewe. Mama Damari alimchukua Paskali kutoka kitandani, akamlaza mapajani mwangu kwa mikono miwili, macho yamemlowa.

"Nisamehe mwanangu. Nilikukosea. Wewe u msafi. Mnyonyeshe."

Mmeona? Nilipokuwa mchafu walitaka kunipumzisha. Niliposafishwa wakanirudishia mzigo, tena kwa baraka.

Amosi akanigeukia mimi, bado kapiga magoti. Alilia mpaka kamasi zikamfika mdomoni, wala hakuzifuta. "Nisamehe mke wangu."

"Anaitwa nani?"

"Jina lake Sikudhani."

"Sawa."

"Sawa tu?"

Nilijipapasa moyoni kutafuta wivu, hata wa kuazima. Sikuupata. Nilichotaka ni atoke mbele yangu na zile kamasi zake.

Mama Damari alikuwa ameshaingia kwenye mambo ya dawa. Na dawa ya ukoo wao ina sharti lake: haimwagwi na mtu yeyote tu. Yule wa nje ambaye uchafu umetoka kwake ndiye huja kumwagia mtoto maji kwa mkono wake, mbele ya mama wa mtoto.

"Kamlete huyo mwanamke," akamwambia Amosi.

"Mama, atakujaje hapa?"

"Utajua wewe. Mlivyopatana kule, patana naye kuja huku. Au unataka kuzika?"

Amosi akaondoka. Wakati anamfuata, mimi niliendelea na mchezo wangu wa kanga na kijiko, na Paskali akaendelea kupungua. Kilio chake kilikuwa kimebaki cha kukwaruza. Nilikisikia, nilijua maana yake, na bado mikono haikutaka. Huo ndio ugonjwa wenyewe: kujua haikunisaidia chochote.

Sikudhani alipofika nilitegemea poda na midomo myekundu. Aliingia mwanamke mfupi mwenye gauni la kitenge lililopauka, kichwa kafunga kilemba cha kanga. Bodaboda aliyewaleta kutoka stendi aliambiwa asubiri, maana hakuna aliyetaka mgeni yule akae mpaka chakula kiive.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama Damari akajibu, na neno lilitoka kwa shida.

Akanijia mimi pale mkekani, akachuchumaa. Hakuniangalia kwa dharau wala kwa kuomba. "Pole, mama Paskali."

Tangu nijifungue hongera nilikuwa nimezishiba. Hiyo ndiyo pole yangu ya kwanza, na aliyenipa ni hawara wa mume wangu. Sikujua niiweke wapi.

Beseni likaletwa. Maji meusi, mizizi inaelea, harufu ya beberu aliyeloa mvua. Luciana akamvua Paskali nguo. Mbavu zote zilionekana, na ngozi ya mapaja imekunjamana. Hakuna aliyenitazama, wote walimtazama Amosi.

"Mwagia," mama Damari aliamuru.

Sikudhani akachota kwa kata, akainua mkono. Paskali akalia kile kilio chake. Mkono wa Sikudhani ukasimama hewani, na maji yakamwagikia gauni. Lakini madoa mawili yaliyotokea kifuani mwake hayakuwa ya maji ya dawa.

"Hayo nini?" Luciana akauliza.

"Maziwa."

"Una mtoto?"

"Nilikuwa naye."

Amosi alitazama sakafu. Kwa jinsi alivyoitazama, nilielewa kabla mama yake hajauliza.

"Wa nani?" mama Damari akauliza hata hivyo.

"Wa Amosi. Alitangulia huyu kidogo. Hakumaliza mwezi, homa ikamchukua. Amosi aliniambia kuna mwingine huku anayekwisha, ndiyo maana nimekuja. Vinginevyo dawa zenu nisingezijia."

Kwa hiyo nilipokuwa natapika na mimba Ihanja, mwenzangu alikuwa anatapika na yake Itigi, na bwana mmoja anatupelekea ndizi wote wawili. Nilimtazama Amosi, nikatazama ile mikono asiyonawa. Hakuna sabuni ya kumtosha.

Sikudhani hakungoja ruhusa. Alitupa kata, akamnyanyua Paskali, akamfuta kwa kilemba chake, akakaa mkekani karibu nami na kumpa ziwa.

"We!" mama Damari akaruka. "Dawa haijamwagwa! Ziwa la mfiwa hilo, na damu yake hatuijui!"

"Mwache," nikasema.

"Agripina!"

"Mwache anyonye."

Paskali alinyonya. Kila funda lilisikika, na mikono yake ilifunguka vidole kimoja kimoja. Nilitegemea kinyaa kije kwa maziwa ya mwanamke mwingine. Hakikuja. Nilisikia ahueni tu, ahueni ya aibu, ya mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Sikudhani akanitazama. "Mama Paskali," alisema taratibu, "huyu hajabemendwa. Huyu ana njaa."

"Njaa itoke wapi?" mama Damari akang'aka. "Mama yake ana maziwa, namlisha mwenyewe!" Akanijia, akanibana kifua juu ya blauzi, hivi hivi mbele ya watu, kama mbuzi wa mnadani. Blauzi ikaloa. "Si haya hapa! Haya yanakwenda wapi?"

Luciana alikuwa ameshika mdomo. "Mama... wale nzi nyuma ya jiko. Kwenye majivu."

Ikawa zamu yangu kutazamwa.

"Nayakamua, namwaga," nikasema. "Nilikwambia, mama. Nilikwambia namwonea kinyaa, ukanipa samli."

"Ulitaka kumuua mjukuu wangu."

"Nilitaka alelewe na mtu mwingine."

"Mwanamke gani huyu! Hata mbwa hamnyimi mwanawe ziwa!"

"Mbwa naye hukataa, mama," Sikudhani akasema. "Nimeona kwa macho yangu. Akizaa akachanganyikiwa, hukataa."

"Sijakuuliza wewe, malaya."

"Sawa. Mimi wangu nilimpenda sana, na nimemzika. Huyu hapendwi, lakini yupo hai. Nipeni niende naye Itigi. Nitamnyonyesha mpaka mama yake apate nafuu."

Mama Damari alitaka kutukana tena, macho yakamwangukia mtoto. Paskali alikuwa amelala, maziwa yamebaki pembeni mwa mdomo, mashavu yana rangi. Bibi ni bibi. Tusi likamfia mdomoni.

"Agripina," akasema, "mbele ya hawa wote. Mnyonyeshe sasa hivi nikuone, au aende na huyu na usimdai tena maisha yako yote."

Sikudhani akamleta karibu yangu. Nikafungua vifungo. Mlioko huko majumbani, mnaosema ningekuwa mimi, sikieni: nilijaribu. Nilimshika kwa mikono yote miwili, nikamvuta. Pua yake ndogo ikagusa kifua changu, ikatoka ile harufu, na mwili wangu wote ukasisimka. Nikamrudishia Sikudhani, nikageuka upande. Samli ya mama Damari yote ikatoka, ya manjano, ikatambaa kwenye mkeka mpaka magotini kwa Luciana.

"Aende," nikasema nilipopata pumzi.

"Agripina, nakuomba," Amosi akaanza.

"Wewe nyamaza. Hata kunawa kulikushinda."

Mama Damari alitema mate mlangoni akasema sasa ameniona nilivyo.  Sikudhani alimfunga Paskali mgongoni kwa kanga, akakaza fundo, akatoka. Nilibaki nimekaa kando ya matapishi yangu. Kuondoka kwa mtoto ndiko nilikokuomba, na sasa kulikuwa kunatokea.

Sikudhani akarudi mlangoni.

"Mbona umekaa?"

"Nifanyeje?"

"Twende. Panda na wewe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama Damari alisikia vizuri sana.

"Nani apande? Mzazi huyu hajafanyiwa sherehe ya kutolewa nje! Na mke wa mwanangu akalale kwa hawara wake? Unataka Ihanja watucheke mpaka lini?"

"Mama, mimi sikuja kuiba mtoto," Sikudhani akamjibu. "Wa kuibwa simtaki, nitamwota usiku. Nilipofiwa nilikuwa nataka kujitupa relini. Kuna nesi pale Itigi alinikalisha akanisikiliza mpaka mwisho, akanitafutia daktari. Nataka na huyu asikilizwe." Akanitazama. "Mtoto siendi naye peke yake. Mnakuja wawili, au simchukui."

"Na mimi?" Amosi akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Hilo peke yake lilikuwa tamu kidogo.

Nikainuka.  Nje jua la Singida lilinipiga usoni, na vumbi, na harufu ya mashudu ya alizeti kutoka mashineni kwa Mathayo, mtu ambaye mpaka leo hajui nilivyotaka kumfanya. Majirani walikuwa wameshasimama kwenye ua wao, mikono kiunoni.

"Wawili na mtoto?" dereva wa bodaboda akalalamika. "Mishikaki hiyo, dada zangu. Haya, pandeni upesi, mtoto awe katikati asipigwe upepo."

Sikudhani akapanda nyuma yake. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, mwisho wa kiti, nyuma ya Sikudhani. Na mgongoni kwa Sikudhani yuko Paskali.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kukaa pale ni kumwegemeza mtoto kifuani kwangu, nimkumbatie kwa mikono yote miwili, njia nzima mpaka stendi, bila kanga ya kujifunika wala mahali pa kugeukia. Nisipomshika vizuri, mashimo ya barabara ile yatatutupa wote.

"Ukipanda hiyo pikipiki, kwangu usirudi!" mama Damari alipiga kelele, akaidaka kanga yangu kwa nyuma.

"Dada, unapanda hupandi?" dereva akauliza, injini imeshawaka.

Mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye chuma cha kukanyagia. Mwingine ulikuwa bado kwenye vumbi la Ihanja, na mama mkwe anaivuta kanga kwa nguvu zake zote.